Oksijeni unayovuta haitoki ikiwa hewa ya ukaa

Ukimuuliza mtu oksijeni anayovuta inaishia wapi, wengi watakwambia inaingia kwenye mapafu, inabebwa na damu, inakutana na chakula huko kwenye seli halafu inatoka ikiwa imeshageuka hewa ya ukaa. Na huwezi kuwalaumu, maana ule mlinganyo tunaokaririshwa shuleni ukiuangalia harakaharaka ndo unasema hivyo, glukosi jumlisha oksijeni unapata kabonidayoksaidi (ndo hewa ya ukaa), maji na nishati, mstari mmoja, mshale mmoja, mwalimu anafuta ubao tunaenda mada nyingine. Ila oksijeni uliyovuta sasa hivi wakati unasoma hapa, karibu yote, inaenda kuwa maji. Na ile hewa ya ukaa unayotoa, oksijeni iliyomo ndani yake ilitoka kwingine kabisa.

Hebu tuhesabu atomu kidogo, sio ngumu. Glukosi moja ina kaboni 6, haidrojeni 12 na oksijeni 6. Ili upate kabonidayoksaidi 6 unahitaji atomu 12 za oksijeni, na glukosi yenyewe inazo 6 tu. Zile 6 zinazopungua zinatoka kwenye maji, molekuli 6 za maji zinaingizwa njiani, moja hapa moja pale, katika hatua tofauti tofauti. Sasa oksijeni ya hewani, zile molekuli 6 zenye atomu 12, inakuja mwishoni kabisa wakati sukari imeshavunjwa yote, na atomu zote 12 zinaondoka zikiwa maji, molekuli 12. Wanaoandika vitabu wanachukua hizo 12 wanatoa zile 6 zilizoingia njiani, yanabaki maji 6, mlinganyo unakuwa mfupi na unapendeza, na stori yenyewe imefutwa hapohapo.

Mimi naona hiyo ndo sababu watu wengi wanaichukia hii mada. Wanapewa mlinganyo usiosema kitu halafu wanatupiwa rundo la majina ya kukariri kwa ajili ya mtihani, na hakuna anayewaambia hii oksijeni tunayoihangaikia kila sekunde inafanya kazi gani hasa. Kwa hiyo leo naifuata hiyo oksijeni, na majina nitayapunguza kadri nitakavyoweza.

Historia kidogo kwanza. Mfaransa Antoine Lavoisier pamoja na mwenzake Pierre-Simon Laplace, majira ya baridi ya 1782 kuingia 1783, walimchukua simbilisi wakamweka ndani ya chombo kilichozungukwa na barafu, wakakusanya maji ya barafu iliyoyeyuka kwa joto la huyo mnyama, halafu wakapima na hewa ya ukaa aliyoitoa. Baadaye wakachoma makaa mpaka yakatoa hewa ya ukaa kiasi hichohicho, wakaangalia nayo yanayeyusha barafu kiasi gani. Namba zikakaribiana. Wakasema basi, kupumua ni kuungua, kuungua taratibu sana. Na walikuwa sahihi kwa jumla yake, ila Lavoisier alidhani huo moto unawaka kwenye mapafu. Hakuishi kuona jibu, mapinduzi ya Ufaransa yalimkata kichwa mwaka 1794 kwa sababu alikuwa kwenye kampuni ya kukusanya kodi. Ilikuja kueleweka baadaye sana kwamba mapafu ni mlango tu, kuungua kwenyewe kunafanyika ndani ya seli za mwili, kuanzia ya ini mpaka ya kidole cha mguu.

Sasa tofauti ya moto na seli iko wapi. Ukichoma sukari kwenye moto nishati yote inatoka kwa mkupuo, joto na mwanga, imeisha. Seli ikifanya hivyo inakufa. Kwa hiyo inachofanya ni kuichambua sukari hatua kwa hatua, na katika baadhi ya hatua inanyofoa elektroni pamoja na haidrojeni na kuziweka pembeni. Hapo kwenye elektroni ndo pa kukazia macho. Nishati ya chakula, ukienda ndani kabisa, ni elektroni ambazo ziko mahali zisipokamatiwa sana, na oksijeni ni kitu chenye uchu mkubwa mno wa elektroni. Kuzitoa elektroni kwenye sukari mpaka kuzifikisha kwenye oksijeni ni kuzishusha, na kila zinaposhuka kidogo kuna nishati inaachiwa, seli inaidaka. Hiyo ndo habari nzima, yote yanayofuata ni namna inavyofanyika.

Kinachodakwa kinaishia kwenye ATP. Hii ni molekuli ndogo yenye fosfeti tatu zimefuatana, ikikutana na maji ikaachia fosfeti ya mwisho inakuwa ADP, na nishati inayopatikana hapo ndo inayokaza msuli, inayosukuma sodiamu nje ya neva, inayounganisha protini. Karl Lohmann aliipata mwaka 1929 kwenye msuli, na Fritz Lipmann ndo aliyekuja kusema wazi mwaka 1941 kwamba hii kitu inatumika na seli kwa kazi karibu zote. Kinachonishangaza mimi ni kiasi chake. Wakati wowote ule mwilini mwa mtu mzima hakuna ATP nyingi, inakadiriwa haizidi gramu 250, lakini kwa siku moja anatumia kiasi kinachokaribiana na uzito wa mwili wake mwenyewe. Maana yake ATP moja inavunjwa na kuundwa upya mara mia kadhaa, hata zaidi ya elfu, kwa siku. Hakuna akiba. Ndo maana ukikosa oksijeni dakika chache tu ubongo unaanza kufa, wakati chakula unaweza kukaa bila kula siku nyingi tu, maana mafuta mwilini yapo, ila ATP ya kesho haipo, haijatengenezwa.

Hatua ya kwanza inaitwa glaikolisi na inafanyika kwenye majimaji ya seli, nje ya mitokondria (vile vyumba vidogo ndani ya seli ambako ATP nyingi inatengenezwa), na haihitaji oksijeni hata chembe. Ni hatua 10, kila moja na enzaimu yake, yaani protini inayoifanya hatua hiyo iende haraka. Glukosi ya kaboni 6 inaishia kuwa piruvati mbili za kaboni 3 kila moja. Cha ajabu inaanza kwa kutumia, seli inatoa ATP 2 mwanzoni kuipachika glukosi fosfeti, ikishapachikwa haiwezi tena kutoka nje ya seli kirahisi na inakuwa rahisi kuipasua katikati, halafu huko mbele inarudishiwa ATP 4. Faida 2. Kidogo, lakini inapatikana haraka, na karibu kila kiumbe hai kina hii njia au kitu cha jamii yake, bakteria, hamira, mchicha, wewe. Eduard Buchner mwaka 1897 ndo alionyesha kwamba hata seli nzima haihitajiki, alisaga hamira kwa mchanga, akakamua juisi yake isiyo na seli hata moja, akaiwekea sukari, ikaanza kutoa mapovu na pombe ikapatikana. Kabla ya hapo wanasayansi wakubwa wengi waliamini lazima kiumbe kiwe hai ndo kitu kama hicho kitokee. Akapewa Nobel ya kemia 1907.

Zile elektroni zinazonyofolewa hazielei hovyo, zinabebwa na molekuli inaitwa NAD, ikishapokea inakuwa NADH. Mwenzake ni FAD, ikipokea inakuwa FADH2. Na hapa nitoke nje ya mada kidogo maana kuna kitu kinanikera. NAD inatengenezwa kutokana na vitamini B3, FAD kutokana na B2, enzaimu inayoshughulika na piruvati inahitaji B1 na bado kuna koenzaimu A inayotokana na B5. Watu wanauziwa vidonge vya vitamini B kwa maneno eti vinakupa nguvu. Vitamini B haina nguvu yoyote ya kukupa, haichomwi, ni sehemu ya vibebaji na vifaa. Ukiwa umepungukiwa kweli utaumwa, kuna beriberi ya B1 na pelagra ya B3, hayo ni magonjwa mabaya sana. Ila kama unazo za kutosha, kuongeza juu yake hakuifanyi seli itoe ATP zaidi, mkojo tu utabadilika rangi uwe wa njano iliyokolea, hiyo ni B2 inakuaga.

Tuendelee. Piruvati inaingia mitokondria, ambayo ina utando wa nje na utando wa ndani uliojikunja kunja. Mitokondria zenyewe zinatokana na bakteria walioingia ndani ya seli nyingine zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita wakabaki, Lynn Margulis alilisimamia hilo mwaka 1967 watu wakambeza sana, siku hizi liko kwenye kila kitabu. Bado zina DNA yake zenyewe, kwa binadamu ni herufi 16,569 na jeni 37, na unairithi kutoka kwa mama.

Mlangoni tu piruvati inakatwa kaboni moja, inatoka ikiwa hewa ya ukaa. Kaboni mbili zinazobaki zinashikwa na koenzaimu A na kuingizwa kwenye mzunguko wa Krebs. Hapo kaboni 2 zinaunganishwa na molekuli ya kaboni 4 inapatikana sitreti yenye kaboni 6, halafu kaboni 2 zinatolewa zikiwa hewa ya ukaa, elektroni zinanyofolewa mara nne, tatu zinapokelewa na NAD na moja na FAD, ATP moja inapatikana, unarudi kwenye ile ya kaboni 4, unaanza tena. Kwa glukosi moja mzunguko unazunguka mara mbili.

Hans Krebs alivyoupata ni stori ninayoipenda. Alikuwa Mjerumani mwenye asili ya Kiyahudi, Wanazi walimfukuza kazi 1933 akakimbilia Uingereza, akafika Sheffield. Alitumia msuli wa kifua cha njiwa, ule unaopigisha mabawa, kwa sababu unatumia oksijeni kwa kasi kubwa. Anausaga, anauweka kwenye chupa ndogo, anapima oksijeni inavyopungua. Ukiweka sitreti kidogo tu, oksijeni inayotumika inapanda kuliko kiasi kinachohitajika kuichoma hiyo sitreti peke yake. Yaani sitreti inasaidia kitu kingine kiungue na yenyewe inarudi. Halafu akatumia malonati, sumu inayozuia hatua moja tu, ile ya kugeuza saksineti kuwa fumareti, molekuli mbili za kwenye mzunguko huohuo. Akaweka fumareti, yaani kitu ambacho kiko mbele ya kizuizi, na bado saksineti ikalundikana nyuma ya kizuizi. Sasa kitu kilichoko mbele kitafikaje nyuma wakati njia imefungwa? Lazima kiwe kimezunguka upande wa pili. Akili ya namna hiyo mimi naivulia kofia. Mwaka 1937 akapeleka barua jarida la Nature, wakamjibu kwamba wana barua nyingi za kutosha wiki kadhaa mbele, akaenda kuchapisha kwenye jarida lingine, Enzymologia. Mwaka 1953 akapata Nobel, pamoja na yule Lipmann.

Sasa simama hapa uangalie. Kaboni zote 6 za glukosi zimeshatoka zikiwa hewa ya ukaa, mbili mlangoni na nne kwenye mzunguko. Sukari imekwisha, haipo. Na oksijeni ya hewani haijaingia popote bado. ATP tulizonazo mpaka sasa ni 4 tu. Karibu nishati yote iko kwenye NADH 10 na FADH2 mbili zilizobeba elektroni na hazina pa kuzipeleka.

Hapo ndo oksijeni inapoingia. Kwenye utando wa ndani wa mitokondria kuna makundi manne makubwa ya protini, NADH inashusha elektroni kwenye la kwanza, FADH2 kwenye la pili, zinapita la tatu, zinabebwa na protini ndogo inaitwa saitokromu c mpaka la nne. Kila zinaposogea zinashuka ngazi, na nishati inayoachiwa inatumika kusukuma protoni (haidrojeni iliyovuliwa elektroni yake) kutoka ndani ya utando kwenda nje. Kundi la pili halisukumi kitu, ndo maana elektroni za FADH2 zina thamani ndogo kidogo. Ukifika kundi la nne kuna chuma na shaba, oksijeni moja inakamatwa pale katikati, inapewa elektroni 4 na protoni 4, zinatoka molekuli mbili za maji. Basi. Hiyo ndo kazi ambayo mapafu, moyo, damu na himoglobini vyote vimejengwa kuihudumia, kupeleka kitu cha kupokea elektroni mwisho wa mstari.

Na ndo maana sumu ya sianidi inaua haraka vile. Inakwenda kung'ang'ania kile chuma cha kundi la nne, oksijeni haiwezi kukaa. Damu inakuwa imejaa oksijeni, hata ile inayorudi kutoka mwilini ya kwenye vena inakuwa nyekundu ya kung'aa, hewa ipo tele na seli haziwezi kuitumia. Elektroni zikikosa pa kwenda zinabaki kwenye NADH, NAD tupu inakwisha, mzunguko wa Krebs unasimama, yote yanasimama kuanzia mwisho kurudi nyuma.

Halafu swali likabaki, hizo protoni zilizosukumwa nje zinakuwaje ATP? Miaka mingi wanabaiolojia walitafuta kemikali fulani ya katikati inayobeba nishati kutoka kwenye elektroni kuipeleka kwenye ATP. Wakatafuta, hawakuiona. Peter Mitchell, Mwingereza, akasema mwaka 1961 hamtaiona kwa sababu haipo. Protoni zenyewe zilizolundikana upande mmoja wa utando ndo nishati. Ni bwawa la umeme lile lile unalolijua, unasukuma maji juu ya ukuta, yakitaka kurudi yanapitia kwenye tundu moja lenye gurudumu la kuzunguka. Utando unene wake ni nanomita chache tu lakini tofauti ya umeme pande zake mbili ni kama milivolti 150, ukiigeuza hiyo kwa mita ni mamilioni ya volti. Watu hawakumwelewa, wengine walimkasirikia kabisa. Akaugua vidonda vya tumbo akaacha chuo, akanunua jumba la zamani lililochakaa huko Cornwall linaitwa Glynn House, akalikarabati, akaanzisha maabara ndogo humohumo na mwenzake Jennifer Moyle, wakaendelea na vipimo.

Kilichowanyamazisha wengi ni jaribio la mwaka 1974 la Efraim Racker na Walther Stoeckenius. Walitengeneza vipovu vidogo vya mafuta, wakapachika humo protini ya bakteria wa maji ya chumvi inayosukuma protoni ikipigwa na mwanga, na enzaimu ya kutengeneza ATP iliyotolewa kwenye moyo wa ng'ombe. Vitu viwili visivyojuana kabisa. Wakawasha taa, ATP ikatoka. Kama kungekuwa na kemikali ya siri ya katikati ingetoka wapi? Mitchell akapewa Nobel 1978 peke yake.

Lile gurudumu la kuzunguka nalo sio maneno tu, ni kitu kinazunguka kweli. Enzaimu yenyewe inaitwa ATP sinthesi. Paul Boyer alidai kwa miaka mingi kwamba ina sehemu tatu zinazopokezana zamu, moja inapokea ADP na fosfeti, moja inazibana pamoja, moja inaachia ATP, na mhimili ulioko katikati ukizunguka ndo unabadilisha zamu. John Walker na wenzake mwaka 1994 wakaonyesha picha ya umbo lake, kweli sehemu tatu hazifanani na mhimili umepinda katikati. Ila mimi iliyonimaliza ni ya Wajapani mwaka 1997. Walichukua kichwa cha hiyo enzaimu wakakibandika kwenye kioo kichwa chini, kwenye mhimili wakaunganisha uzi wa protini ya aktini unaong'aa, mrefu mara nyingi kuliko enzaimu yenyewe ili uonekane kwa darubini, wakaweka ATP. Wakaona ule uzi unazunguka. Unazunguka na kuzunguka, kinyume cha mwendo wa saa, unauona kwa macho kwenye video. Pale ilikuwa inaendeshwa kinyumenyume, inakula ATP badala ya kutengeneza, lakini mzunguko ndo uleule. Kila ikimaliza mzunguko mmoja ni ATP 3, na ikiwa kazini inaweza kuzunguka zaidi ya mara mia kwa sekunde. Boyer na Walker wakapewa Nobel mwaka huohuo wa 1997.

Tukishafika hapo lile bishano la namba linaisha lenyewe. Vitabu vya zamani vinasema glukosi moja inatoa ATP 38, vingine 36, vipya vinasema 30 au 32, wanafunzi wanachanganyikiwa wanadhani kuna mtu anadanganya. Zile za zamani zilitaka kila NADH itoe ATP 3 kamili kwa sababu watu waliamini kemikali, na kemikali inakwenda kwa namba nzima. Protoni hazina shida hiyo. NADH moja inasukuma protoni 10 hivi, ATP moja inagharimu kama 4 ukijumlisha na kuingiza fosfeti na ADP ndani, kwa hiyo ni 2.5, na FADH2 ni 1.5. NADH 10 unapata 25, FADH2 mbili unapata 3, jumlisha zile 4, ni 32. Na 30 inakuja kwa sababu kwenye baadhi ya seli elektroni za glaikolisi zinaingizwa mitokondria kwa njia yenye hasara kidogo. Na utando nao unavuja, kwa hiyo hata hizo ni za juu.

Oksijeni ikichelewa kufika, mfano unakimbia mbio fupi kwa nguvu zote, msuli unabaki kutegemea glaikolisi, ila glaikolisi nayo inahitaji NAD tupu ya kupokelea elektroni. Kwa hiyo piruvati inabebeshwa hizo elektroni inakuwa lakteti, NAD inapata nafasi, kazi inaendelea. Hamira inafanya kitu hichohicho kwa njia nyingine, ndo pombe. Watu wanaisema vibaya sana hii lakteti, eti ndo inayouma siku ya pili baada ya mazoezi. Sio yenyewe. Inaondoka kwenye damu ndani ya saa moja hivi, yale maumivu ya kesho yake yanatokana na nyuzi za msuli zilizochanika chanika kidogo kidogo. Lakteti inaokotwa na ini inageuzwa glukosi tena, hilo walilionyesha Gerty na Carl Cori, na moyo unaichoma moja kwa moja kama chakula kingine tu. Seli nyekundu za damu zinaishi kwa glaikolisi tupu maisha yao yote, hazina mitokondria hata moja. Zimebeba oksijeni ya mwili mzima na zenyewe haziigusi.

Kuna mahali mwili unatoboa bwawa makusudi. Watoto wachanga wana mafuta ya kahawia, rangi yake ni kwa sababu ya mitokondria nyingi zenye chuma, na kwenye utando wake kuna protini inayoacha protoni zirudi bila kupita kwenye ATP sinthesi. Nishati yote inakuwa joto. Mtoto mchanga hawezi kutetemeka vizuri kwa baridi, hiyo ndo namna yake. Binadamu akajaribu kuiga kwa dawa, dainaitrofenoli, kemikali ya viwanda vya baruti ambayo wafanyakazi walionekana wanakonda nayo. Mwaka 1933 Marekani ikaanza kutumika kupunguza uzito. Ilifanya kazi kweli, protoni zinavuja, mwili unachoma mafuta kama kichaa kutafuta ATP, joto linapanda, na hakuna dawa ya kulirudisha chini ukizidisha. Watu walipofuka, wengine wakafa kwa joto lao wenyewe, ikazuiwa 1938. Mpaka leo kuna watu wanaiuza mtandaoni kama dawa ya kukondesha. Ukiiona ikimbie.

Na uzito ukipungua kwa njia ya kawaida unaenda wapi? Ruben Meerman na Andrew Brown wa Australia walipiga hesabu ikatoka kwenye jarida la madaktari la Uingereza mwaka 2014, ukipoteza kilo 10 za mafuta, kilo 8.4 zinatoka puani zikiwa hewa ya ukaa na 1.6 zinakuwa maji. Madaktari na walimu wa mazoezi waliowauliza wengi walijibu yanageuka nishati, wachache sana wakasema pumzi. Sasa kuna mjanja atasema basi nitakaa kwenye kiti nihemehe haraka haraka nikonde. Haiendi hivyo, kwa sababu mzunguko wa Krebs hauzunguki kwa kufuata mapafu, unafuata ATP zinazotumika. Usipotumia ATP hakuna ADP, ATP sinthesi haizunguki, protoni zinajaa nje mpaka elektroni zinashindwa kusukuma zaidi, NADH zinabaki zimebeba mzigo na mzunguko unapunguza mwendo. Ukihema sana utafukuza tu hewa ya ukaa iliyokuwa tayari kwenye damu, kizunguzungu kitakushika, vidole vitakufa ganzi, na mafuta yatakuwa palepale.